Pointi Mbili za Mzee

Nina roho mbaya. Nalisema mapema ili mtu asifike katikati ya habari hii akaanza kunitafutia sababu. Sababu nimezitafuta mwenyewe, tena mimi ni mwanasheria, kutafuta sababu ndiyo kazi inayonilisha, na hakuna hata moja iliyosimama.

Niko halmashauri, hapa Same. Wilaya ikishtaki au ikishtakiwa, sisi ndio tunaosimama. Kijiji kikinyang'anywa ardhi, sisi ndio tunaokisemea. Ili turuhusiwe kusimama, kila mwaka lazima kila mmoja wetu akusanye pointi za mafunzo endelevu. Wasiojua hudhani pointi hizo hupewa anayejua sheria. Hupewa anayekaa kwenye kiti. Unakwenda Moshi siku mbili, unakaa ukumbini, mtoa mada anakusomea slaidi zake neno kwa neno kana kwamba ukumbi mzima haukwenda shule, unakula sambusa zako mbili za saa nne, na daftari la mahudhurio linapita mkono kwa mkono. Saini ya asubuhi, saini ya alasiri, pointi mbili kwa siku. Ukipungukiwa, mwaka ukigeuka leseni haihuishwi, na bila leseni wewe ni mpita njia aliyevaa suti.

Na kuna jambo ambalo kila mtu kwenye kumbi zile analijua: tunasainiana. Mmoja ana msiba, mwingine ana mgonjwa, mwingine hana lolote, yuko mjini anachagua viatu. Mwenzake anachukua kalamu, anabadili mwandiko kidogo, daftari linaendelea na safari. Nimeona mada ya uadilifu ikitolewa kwa watu ishirini waliosaini arobaini.

Mkuu wa kitengo chetu wakati huo alikuwa mzee mmoja wa milimani, Upare ya kusini, Mlutheri wa kuimba kwaya, mwenye makoti matatu ya rangi moja na chupa ya chai ya tangawizi ambayo haikumtoka mkononi. Mimi nimezaliwa Lembeni, binti wa muuza duka kando ya lami, Kipare chenyewe nakisikia kwa kubahatisha. Alinitania siku zote kwamba sisi watu wa barabarani tunajua bei ya kila kitu na jina la jirani hatulijui. Lakini popote aliponipeleka, kwa mkuu wa wilaya, kwa wazee wa vijiji, hata kanisani kwake, alinitambulisha kwa maneno yale yale: "Huyu ni wa nyumba yangu."

Kazi yote alinifundisha yeye. Alinifundisha kuandika hati fupi. Alinifundisha kwamba shahidi mzee wa milimani humuulizi "je, ni kweli kwamba", unamuuliza "ilikuwaje", kisha unanyamaza na kumwacha aseme. Mwaka wangu wa pili kazini dada yangu aliolewa siku ya semina, na mzee akanisainia siku zote mbili. Nilimrudia na sahani ya pilau. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mimi nilikuwepo, mwanangu, basi na wewe ulikuwepo."

Nilicheka bila kumwelewa. Nilikuja kumwelewa nilipoujua msaragambo. Kule milimani kukiwa na kazi ya wote, mfereji umeziba au barabara imekatika, pembe hupigwa asubuhi na kila nyumba hutoa mtu wa kwenda na jembe. Ni nani, haijalishi. Baba akiumwa anakwenda mama, mama akiwa na mtoto mchanga anakwenda shemeji aliyekuja kutembea. Mwishoni mwenye daftari huita nyumba moja moja, na mtu yeyote wa nyumba hiyo akiitika, nyumba imehudhuria. Nyumba isiyotoa mtu inalipa debe la mahindi. Mzee alilelewa kwenye utaratibu huo, na aliuchukua mzima mzima akauingiza kwenye semina za mawakili. Kwa akili yake hakuwa amedanganya mtu. Nyumba ilikuwa imetoa mtu, basi.

Alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu, na kesi moja ambayo hakutaka kuiacha nyuma. Kijiji kimoja juu ya Ndungu kilikuwa na ndiva, bwawa lililochimbwa kwa mikono, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha na kufunguliwa asubuhi yaende mashambani kwa zamu. Mfanyabiashara mmoja alinunua shamba pale, akazungusha seng'enge, na ndiva ikajikuta ndani. Akaweka kufuli. Miaka minne kesi ilikuwa kwenye baraza la ardhi, inaahirishwa na kuahirishwa, na miaka minne watu wa kijiji kile walinunua unga ambao zamani waliusaga kwa mahindi yao wenyewe.

Mwezi wa kumi niliandika hoja za kesi hiyo, kurasa kumi na nane. Nilizitolea jasho. Mzee alinirudishia kikaoni, mbele ya watu wa ardhi na watu wa mipango, akasema kwa upole wake ule ule, "Mwanangu, hapa umeandika ili usifiwe. Andika ili mtu apate maji." Watu wa mipango wakacheka. Hakukusudia kuniumiza, nilijua hivyo dakika ile ile, na kujua hakukunisaidia. Nilimchukia. Nilimchukia hadi harufu ya tangawizi ilinikera. Na chini ya chuki hiyo kulikuwa na kitu cha aibu zaidi: niliitaka kesi. Nilitaka siku ya hukumu nisimame mimi, nipigiwe simu mimi.

Semina ya mwisho ya mwaka ilikuwa Desemba. Mzee alihitaji siku zote mbili ili atimize. Siku ya kwanza alikuwepo, akasaini, akasinzia kama wengine. Alasiri, tukitoka, alinivuta pembeni ya geti. Mlinzi wa ndiva, ndiye shahidi wetu mkubwa, alikuwa amempigia simu. Madaftari ya msaragambo yamepatikana. Yalikuwa darini kwa katibu wa zamani aliyefariki, na panya walikwisha kuyaanza.

"Ndiyo kesi yenyewe hiyo," alisema, na macho yalimng'aa. "Nyumba zote zimo humo. Nani alichimba, nani alilipa debe, mwaka kwa mwaka. Nani atasema ndiva ile si ya kijiji? Nikingoja baada ya Krismasi nitakuta kinyesi cha panya. Kesho napanda."

"Na kesho huku, mzee?"

"Wewe si utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi."

Hata hakuniomba. Alinigusa bega, akaondoka na chupa yake.

Kesho yake daftari lilinifikia saa tatu. Jina la mzee lilikuwa chini ya langu. Nilisaini kwangu, nikaangalia ule mstari mtupu kwa muda, nikampa daftari jirani. Alikuwa mwenzetu wa wilaya nyingine, mtu mwema, akaniuliza kwa kunong'ona, "Mzee wako je? Nimsainie?"

"Muache," nikasema. "Siku hizi wanakagua."

Hakuna aliyekagua. Alasiri lilipita tena, nikafanya vile vile. Chakula cha mchana kilikuwa kuku, nilikula vizuri.

Januari majina ya waliotimiza yalitoka. La kwangu lilikuwemo. Mzee alisoma orodha kwenye simu yake, akaisoma tena akiisogeza mbali na macho, kisha akaja mezani kwangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayedhani ameacha ufunguo kwenye koti jingine.

"Mwanangu, pointi zangu mbili za siku ya pili?"

Nilikuwa na wiki tatu za kutayarisha jibu. Ningeweza kusema nilisahau. Angenisamehe hapo hapo, angecheka, tungetafuta njia. Nikamwambia, "Mzee, kule si msaragambo."

Akaitia simu mfukoni. Nje upepo wa Same ulikuwa unapiga mabati na vumbi linaingia chini ya mlango. Akasema, "Kweli. Si msaragambo." Akarudi kwenye meza yake.

Alianza kuandika barua za kuomba afikiriwe, na huku akijitayarisha kwa kesi iliyopangwa mwishoni mwa mwezi. Nadhani alitumaini leseni ingepatikana kabla, au kwamba hakuna atakayeuliza. Kwa kawaida hakuna anayeuliza. Ndiyo maana ilibidi nihakikishe. Wiki moja kabla ya kesi nilikunywa chai na wakili wa mfanyabiashara kwenye mgahawa ulio mkabala na baraza, kijana mwenzangu, tulisoma naye chuo kimoja. Nikamwambia huku nacheka, "Mzee wangu mwaka huu anatembea bila leseni, pointi zimemtupa mkono." Alicheka pia. Kisha akaacha kucheka akakoroga chai yake, na nikajua ameshika.

Siku ya kesi watu wa kijiji walishuka kwa lori, wanawake wengi, wamevaa nguo za kanisani. Mzee alikuja na koti lake na kiroba cha unga kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na madaftari. Alikuwa ameyapanga kwa miaka, kila mwaka ameufunga kwa uzi.

Kiroba hakuwahi kukifungua. Wakili yule alisimama na kusema, kwa heshima zote, kwamba ana shaka kama mwenzake msomi anaruhusiwa kusimama mwaka huu. Mwenyekiti wa baraza akamuuliza mzee kama ana leseni hai.

"Sina, mheshimiwa," alisema mzee.

Alikusanya karatasi zake. Kabla ya kuondoka mezani alikisukuma kile kiroba kwa mguu taratibu hadi kikagusa kiatu changu, akaenda kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, kati ya wanawake wa kijiji. Mwenyekiti aliniuliza kama niko tayari kuendelea au naomba kesi iahirishwe.

Maneno mawili tu yalihitajika, naomba ahirisho, na kesi ingengoja mwezi, mzee angenikalisha chini anieleze kila daftari. Nikasema, "Niko tayari, mheshimiwa."

Nilimsimamisha mlinzi wa ndiva. Mzee mwembamba, mikono imekakamaa kama mzizi, alikuwa anamtafuta mkuu wangu kwa macho wakati mimi nauliza. "Je, ni kweli kwamba ndiva hii imekuwa ikitumiwa na wanakijiji?" Ndiyo. "Je, ni kweli kwamba mdaiwa aliweka kufuli?" Ndiyo. Ndiyo na ndiyo, mpaka nikaishiwa. Akasimama wakili wa upande wa pili.

"Ndiva hii ni ya nani?"

"Si ya mtu," alijibu mlinzi, kwa fahari, maana kule kwao hilo ndilo jibu zuri kuliko yote.

"Una hati?"

"Hati ya nini?"

"Ahsante, mzee."

Mwenyekiti alinigeukia, nina swali la nyongeza? Nikatazama nyuma. Mkuu wangu alikuwa ameinua kidole, si mkono, kidole kimoja tu usawa wa kifua, kama mwanafunzi anayeogopa kuitwa. Nilijua anataka niulize nini. Ilikuwaje mlipoichimba? Nani alikuwepo? Hapo mlinzi angesema madaftari, na mimi ningeinama nifungue kamba. Kiroba kilikuwa kinanigusa mguu. Sikuwa nimeyasoma yale madaftari hata ukurasa mmoja, na sikutaka kushinda kwa kiroba chake. Nikasema, "Sina swali, mheshimiwa."

Tulishindwa. Baraza lilisema hakuna ushahidi ulioletwa kuonyesha kwamba kijiji kilichimba au kuitunza ndiva kwa pamoja. Tulikata rufaa, na safari hiyo nikapeleka madaftari yote, nimeyapiga mihuri na kuyapa namba. Yalikataliwa. Yalikuwepo siku ile, wakasema, kwa nini hayakutolewa? Swali zuri. Jibu nilikuwa nalo, lakini si la kusema mbele za watu.

Mzee hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuja kazini hadi siku ya mwisho, akanisalimia kila asubuhi, akanielekeza palipo na faili gani. Sherehe ya kumuaga nilisoma wasifu wake mimi, nikapigiwa makofi kwa namna nilivyousoma. Kitu kimoja tu kilibadilika, na watu wengine hawakukiona: hakuwahi tena kusema mimi ni wa nyumba yake. Wageni wakija alisema, "Huyu ni mwanasheria," basi, na ni kweli nilikuwa mwanasheria.

Leo kitengo ni changu. Mwaka jana nilialikwa Moshi kutoa mada ya uadilifu wa wakili wa umma, na mtoa mada hupewa pointi mara mbili ya msikilizaji. Daftari lilipita nikiwa nazungumza. Niliona mmoja akisaini mistari miwili na nikaendelea kusoma slaidi yangu.

Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi, nilipanda kwake, kijiji kile kile cha ndiva, ndiko alikojenga alipostaafu. Nilijidanganya kwamba nakwenda kumsalimia mama, mkewe, ambaye nilisikia haamki kitandani. Basi la alfajiri hadi Ndungu, kisha bodaboda juu, na mfuko wa sukari na kitenge mapajani. Nyumbani nilimkuta mama amelala, jirani anamwogesha, akanielekeza kwa kidevu: watu wote wako kule juu. Kile kijiji kilikuwa kinachimba ndiva nyingine, mbali zaidi, kwenye kijito chembamba, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa bado nyuma ya kufuli.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda ukingoni. Nyonga ilikuwa imemharibikia, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Watoto wake wako Dar na Mwanza. Nyumba yake siku hiyo haikuwa na mtu wa kushika jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo, mwanasheria. Za barabarani?"

"Njema."

Nikavua viatu, nikapandisha gauni, nikaokota jembe lililokuwa limelala. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenizuia. Nilichimba tangu saa tatu hadi saa saba. Sijawahi kulima maishani mwangu, mimi ni mtoto wa duka. Wanawake pembeni yangu walikuwa wakinitazama kwa jicho la chini, na wawili au watatu niliwakumbuka tangu siku ile ya baraza, walipovaa nguo za kanisani. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, mpini ukawa unateleza. Nilifurahi kuumia. Nilijiambia, leo namsainia.

Jua lilipokaza, kazi ilisimamishwa. Makande yalikuwa yameiva. Mlinzi wa ndiva alitoa daftari mfukoni, akalamba ncha ya kalamu, akaanza kuita nyumba. Hii ipo. Hii ipo. Hii, kimya, debe. Akaita nyumba ya mzee.

"Ipo," nikasema.

Mlinzi akanitazama. Alinijua vizuri, mimi ndiye niliyemuuliza "je, ni kweli kwamba". Akageuka akasema na mzee kwa Kipare, maneno machache. Kisha, nadhani kwa makusudi ili nisikie, akarudia kwa Kiswahili.

"Huyu ni wa nyumba yako?"

Mzee alinitazama mikono. Alitazama na jembe, na lile shimo langu, ambalo kusema kweli halikuwa dogo.

"Hapana," alisema. "Ni mgeni. Niandikie debe."

Kalamu ikaandika. Nyumba iliyofuata ikaitwa, ikaitika.

"Umechoka, mwanasheria," mzee akaniambia, kwa upole wake ule ule. "Usishuke na njaa. Mpeni mgeni makande."

Walinipa. Wao walikaa kuzunguka masinia, watano watano, wanakula kwa mikono yenye udongo na wanacheka. Mimi niliwekewa sahani yangu peke yangu, na kijiko.